Kalemie: Ndagala Wetu Wanatoka Wapi?



Katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, siku isiyo na pesa ya nyama, mama anafungua mufuko mudogo na kutoa ndagala. Anawaosha, anawakaanga na nyanya na kitunguu, na bukari inateremka vizuri. Hakuna mutoto anayeuliza samaki hao wametoka wapi. Wametoka sokoni, basi.

Lakini soko halizai samaki. Kwa hiyo safari hii nilikwenda kuuliza kule wanakovuliwa: Kalemie, muji mukubwa wa jimbo la Tanganyika. Nilifikiri nitarudi na habari za nyavu na mitumbwi. Nimerudi na habari nyingine. Ndagala wa sahani yako hakuanza na wavu. Alianza na upepo, na joto la maji, na vidudu vidogo ambavyo jicho la mutu haliwezi kuona. Na vitu hivyo vitatu, leo, haviendi tena kama zamani. Hii ndiyo sababu ninawaandikia.

KWA RELI MPAKA MAJI

Njia ya reli inatoka Lubumbashi, inapita Kamina na Kabongo, inafika Kabalo kwenye muto Lualaba, ndipo inageuka upande wa mashariki, kupitia Nyunzu, mpaka Kalemie. Kipande cha Kabalo mpaka ziwa kilimalizika mwaka 1915. Kile cha Kamina mpaka Kabalo kilifunguliwa mwaka 1956. Mwenye kupanda treni hiyo asitazame saa sana. Achukue chakula, achukue blanketi, achukue na uvumilivu.

Sehemu ya mwisho treni inafuata bonde la muto Lukuga. Vijana, mukipita pale, mutazame maji yanakwenda upande gani. Mito mingi tunayoijua inaingia katika maziwa. Lukuga unatoka. Ni mulango mumoja tu wa ziwa Tanganyika: maji yanapita pale, yanaingia Lualaba, na mwisho yanafika bahari ya Atlantiki. Mwaka 1874 Mwingereza Cameron alipofika pale, mulango ulikuwa umezibwa na muchanga na matete, na watu wa Ulaya walibishana kama kweli ni mulango. Karibu mwaka 1878 ziwa lilijaa, likasukuma, likapita. Lakini hata leo maji mengi ya ziwa hayatoki kwa Lukuga. Yanatoka kwa jua, yanapanda kuwa mvuke.

Ghafula vilima vinafunguka, na mbele yako hakuna tena udongo. Ni maji tu, mpaka mwisho wa macho. Mutoto mumoja katika behewa letu aliuliza: "Papa, hii ni bahari?" Baba yake akacheka: "Hapana, ni ziwa. Lakini haiko ziwa ya mukini."

Baba huyo alisema kweli. Ziwa Tanganyika lina urefu wa karibu kilomita 670. Upana wake kwa wastani ni kilomita 50. Shimo la Kipushi, ambalo wengi wetu tunalijua, linashuka zaidi ya mita 1,000. Ziwa linashuka mita 1,470. Katika dunia yote ni Baikal tu, ziwa la Urusi, linalolishinda kwa kina. Ndani yake kuna karibu sehemu moja katika sita ya maji matamu yote yaliyo juu ya uso wa dunia, ukiacha barafu. Inchi 4 zinakaa pembeni yake: Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia. Kongo peke yake ina karibu 45 kwa mia ya maji hayo.

MUJI WA TAA MBILI

Kalemie umejinyoosha kati ya vilima na maji. Wabelgiji walianza kituo chao cha askari huko mwaka 1891, wakakiita Albertville. Jina Kalemie lilirudi mwaka 1966. Wazee wanakumbuka kiwanda cha nguo cha Filtisaf na makaa ya mawe yaliyochimbwa karibu. Kwa hiyo watu wa migodi wasijione wageni: Kalemie nayo imejua firimbi ya kazi, na imejua pia siku firimbi inaponyamaza.

Mwaka 2024 ziwa lilipanda sana, maji yakaingia katika nyumba na barabara za chini. Alama ya maji ungali unaiona kwenye kuta. Usifikiri, basi, kwamba shida ya ziwa hili ni kukauka. Maji ni mengi. Shida iko ndani ya maji, na hiyo haionekani kwa ukuta.

Usiku uende pwani. Kama mwezi hauko, utaona muji wa pili umewaka juu ya ziwa: taa kumi, taa mia, zinatikisika. Ni wavuvi. Wanafunga mitumbwi miwili pamoja, wanatundika taa, na wavu unangoja chini. Zamani zilikuwa taa za petroli. Leo wengi wanatumia taa za betri na za jua. Mwanga unavuta vidudu vya maji, vidudu vinavuta ndagala, ndagala wanavuta mikebuka. Mwezi ukiwa mukubwa, taa hazina nguvu, na wavuvi wanapumzika siku kadhaa kushona nyavu.

Asubuhi nilikaa na muzee mumoja aliyekuwa akitengeneza wavu wake. Nikamwuliza: "Muzee, ndagala wanapendaga wakati gani?"

Akanyoosha kidole upande wa kusini. "Pasta, sisi huku tunangojeaga upepo. Kama upepo ya kusini imepiga nguvu, maji inapoa, inageuka rangi. Kisha samaki inakuja. Kama upepo ni kidogo, tutaona njaa."

"Upepo unaleta samaki namna gani?"

"Ile sijui. Baba yangu alisema hivyo, na baba yake pia. Weye ulisoma, utuambie."

Kweli nilisoma, lakini chuo cha Biblia hakikunifundisha maji. Ilinibidi kutafuta kwa wale waliosomea maziwa. Haya ndiyo niliyoyapata, na muzee yule hakukosea hata neno moja.

MAJI MAWILI KATIKA ZIWA MOJA

Ukitazama ziwa unafikiri ni maji mamoja. Ni mawili. Juu kuna maji ya vuguvugu, yenye mwanga na hewa, karibu digrii 25 mpaka 27. Chini kuna maji yenye digrii kama 23 na nusu, yenye giza. Toka mita 100 upande wa kaskazini, na karibu mita 200 upande wa kusini, kushuka mpaka chini kabisa, hakuna hewa ya oksijeni. Samaki akishuka pale anakufa. Basi sehemu kubwa sana ya ziwa hili kubwa haina samaki hata mumoja.

Utasema: tofauti ya digrii 3 ni kitu gani? Kwa mwili wako ni kidogo. Kwa maji ni nyingi. Maji ya joto ni mepesi, yanaelea juu ya maji ya baridi kama mafuta juu ya muchuzi. Tena, kadiri maji yanavyokuwa na joto, ndivyo kila digrii moja inavyoongeza wepesi zaidi. Katika inchi za baridi, digrii 3 hazitenganishi maji kwa nguvu. Hapa kwetu zinatosha kufanya kama kifuniko.

Na chini ya kifuniko kuna nini? Kuna akiba. Kila kitu kinachokufa juu, majani madogo ya maji, mavi ya samaki, mifupa, kinazama. Kule chini kinaoza, na mbolea yake inabaki pale: fosifori na nitrojeni, vitu vilevile ambavyo mukulima ananunua katika mufuko kwa shamba la mahindi. Ziwa lina mbolea nyingi, lakini imefungiwa katika ghala ya chini. Juu, penye mwanga, panapoweza kuota kitu, mbolea ni haba. Ndiyo maana maji ya Kalemie ni mazuri kwa macho, ya bluu na safi. Maji ya bluu ni shamba lenye njaa.

Sasa ngojea kipwa, wakati wa ukavu, toka mwezi wa 5 mpaka wa 9. Upepo wa kusini-mashariki unapiga siku kwa siku. Unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini, upande wa Uvira na Bujumbura. Maji ya juu yakiondoka kusini, ya chini yanapanda kushika nafasi, na yanakuja na mbolea. Wale wa migodi mutaelewa upesi: upepo ndio mashine inayopandisha mawe kutoka shimoni. Mashine ikisimama, mawe mazuri yapo chini, lakini hakuna anayekula.

Upepo ukipungua mwezi wa 9, maji yaliyosukumwa yanarudi, na maji ya chini yanayumba kusini na kaskazini kama maji katika karai uliyoiinua upande mumoja. Muyumbo mumoja unachukua karibu wiki 3 au 4. Kwa hiyo Kalemie, ulio katikati ya pwani, unapata sehemu yake hata baada ya upepo kutulia. Muzee aliona rangi ya maji ikigeuka: ni chakula kilichopanda.

WAPISHI WASIOONEKANA

Mbolea ikipanda, nani anaila kwanza? Siyo samaki. Ni vijani vidogo vya maji, na mikrobi.

Neno mikrobi linatuogopesha, sababu tunalijua kwa hospitali. Lakini mikrobi nyingi si adui. Katika mililita moja ya maji ya ziwa hili, kipimo cha matone kama 20, kuna bakteria zaidi ya milioni moja. Zinakula mabaki ya vilivyokufa na kuyageuza kuwa mbolea tena. Nyingine zina rangi ya kijani na zinajilisha kwa mwanga wa jua kama majani ya mahindi. Ni ndogo kuliko sehemu 2 za milimita iliyokatwa mara elfu moja. Katika ziwa Tanganyika hizo ndogo za kijani ni sehemu kubwa ya shamba lote.

Mikrobi zinafanya kazi upesi au polepole kwa sababu mbili kubwa. Ya kwanza ni joto. Kila mama wa Katanga anajua. Munkoyo uliopikwa mwezi wa 10, wakati wa joto kali, unachacha upesi. Ule wa mwezi wa 6, wakati baridi ya asubuhi inauma vidole, unakawia. Mihogo iliyolowekwa ni vilevile: kwa joto inalainika mapema, kwa baridi unangoja siku zaidi. Ni kazi ya mikrobi. Kwa nyingi kati yao, joto likiongezeka digrii 10, kazi inakuwa karibu mara mbili, mpaka kipimo fulani. Kupita pale zinaungua.

Sasa tazama tofauti. Maji ya chini ya Baikal yana digrii kama 3 au 4. Ya chini ya Tanganyika yana 23. Wapishi wetu wanafanya kazi katika jiko la moto muchana na usiku, mwaka muzima. Kinachokufa leo, kesho kimekwisha kugeuzwa. Ndiyo sababu ziwa la bluu, lenye vijani vichache kwa macho, liliweza kulisha watu kwa mamilioni. Miaka ya 1970 na 1980 wataalamu walijiuliza: samaki wengi hivi wanatoka wapi katika maji masikini hivi? Mwanasayansi Hecky na wenzake waliandika mwaka 1981 kwamba lazima kutazama mikrobi pia. Wengine baadaye walifanya hesabu tena, wakaona kwamba vijani, kwa kuwa vinaota na kuliwa upesi sana, vinaweza kutosha. Wote walikubaliana kwa jambo moja: usihesabu kilichomo katika sufuria tu, hesabu sufuria inajazwa mara ngapi.

Siyo mikrobi zote zinatusaidia. Mwaka 2006 wataalamu walitangaza kwamba katika maji ya Tanganyika yasiyo na hewa kuna bakteria zinazochukua nitrojeni, mbolea ile, na kuigeuza kuwa hewa tupu inayokwenda zake. Hata katika ghala kuna panya.

NANI ANAKULA NANI

Sababu ya pili ni mulaji. Mikrobi hazihesabiwi kwa chakula zinachopata tu. Zinahesabiwa pia kwa nani anazila.

Bakteria inaliwa na kidudu chenye mukia kama uzi. Kidudu hicho kinaliwa na kingine kikubwa kidogo. Hicho kinaliwa na vikamba vidogo kama chembe ya semolina. Vikamba vinaliwa na ndagala. Ndagala, ambaye maisha yake ni karibu mwaka mumoja tu, analiwa na mukebuka, na mukebuka analiwa na sisi. Jina la kisayansi la mukebuka, Lates stappersii, linatoka kwa Mubelgiji Louis Stappers, aliyechunguza ziwa hili kati ya 1911 na 1913.

Kila hatua ya ngazi hiyo inalipa kodi. Kwa wastani, katika kilo 10 zinazoliwa, kilo 1 tu inageuka kuwa mwili wa mulaji. Zingine zinaisha kwa kupumua, kuogelea na kutupwa. Kwa hiyo urefu wa ngazi ni jambo kubwa. Kijani kikubwa kinaliwa na kikamba moja kwa moja: ngazi fupi, ndagala wengi. Kijani kidogo sana kinapita katikati ya miguu ya kikamba. Lazima kiliwe kwanza na kidudu, kisha kidudu kiliwe. Umeongeza hatua moja, na kwa hatua hiyo karibu sehemu 9 katika 10 zimepotea. Na maji ya joto yenye mbolea haba yanapendelea vijani vile vidogo sana.

Mutu akigusa ngazi hiyo pahali pamoja, inatikisika yote. Mufano uko karibu. Kati ya 1958 na 1960 samaki kutoka Tanganyika walipelekwa katika ziwa Kivu, ambalo halikuwa na ndagala. Aliyeshika ni lumbu, ndugu ya ndagala. Watu wa Kivu walipata chakula, wakamwita sambaza. Lakini kulikuwa kule kidudu kimoja kinene kidogo, kinachosafisha maji kwa kula vijani kama fagio. Lumbu alikipenda sana. Hakikuonekana tena. Samaki mumoja mugeni alibadili kazi ya vidudu vya ziwa zima. Lumbu huyohuyo alipelekwa Kariba mwaka 1967 na 1968, na leo tunamnunua hapa Lubumbashi kwa jina la kapenta.

JOTO LINAONGEZEKA

Sasa tunafika kwa jambo linalouma. Ikiwa joto linaamusha mikrobi, na ziwa linazidi kupata joto, si samaki wangeongezeka?

Hapana. Mupishi anaweza kuwa na mikono miepesi namna gani, bila unga hapiki bukari. Maji ya juu yakizidi kupata joto, yanazidi kuwa mepesi, na kifuniko kinazidi kuwa kizito kufungua. Upepo unapiga, lakini haufiki chini. Mbolea inabaki ghalani.

Vipimo vya maji vilivyochukuliwa mwaka 1913 vimelinganishwa na vya karibu. Hata maji ya kina cha mita 600 yameongezeka joto, karibu sehemu 3 katika 10 za digrii moja mpaka mwaka 2000. Ya juu yameongezeka zaidi. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake waliandika kwamba uzalishaji wa vijani vya ziwa umepungua kwa karibu 20 kwa mia, na kwamba hiyo inaweza kuondoa karibu 30 kwa mia ya samaki. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma matope ya chini ya ziwa, ambayo yanajipanga mwaka juu ya mwaka kama karatasi za kitabu, wakaona kwamba joto la maji ya juu limepita kila kipimo cha miaka 1,500 iliyotangulia. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walihesabu mifupa midogo ya samaki katika matope hayo. Ilianza kupungua kabla uvuvi mukubwa haujaanza katikati ya karne iliyopita.

Wako wataalamu waliobisha. Walisema: musitupie joto kila kosa, tazameni pia nyavu. Nao wana haki yao. Miaka ya 1990 ziwa lilitoa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka, na toka wakati ule wavuvi wameongezeka sana. Joto linapunguza unga. Mikono inaongezeka katika sahani. Si lazima kuchagua moja. Yote mawili yanakutana mezani.

MIEZI MITATU YA SUFURIA

Mwaka 2021 inchi 4 za ziwa zilipatana kulinda samaki, pamoja na kusimamisha uvuvi miezi 3 kila mwaka. Tanzania ilifunga toka tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti 2024. Nia ni njema: kuwapa samaki nafasi ya kuzaa na kukua.

Nilizungumza habari hiyo na mama mumoja anayeanika ndagala juu ya muchanga. Alikuwa akiwageuza kwa mukono, upesi, sababu wingu lilianza kuja, na mvua ikinyesha kazi ya usiku muzima inaharibika.

"Pasta, hao wakubwa wanasema tufunge. Mie sikatai. Mwenyewe ninaona, fungu ya leo siyo ile ya mama yangu. Lakini miezi tatu, ni nani atafunga tumbo ya watoto?"

Sikuwa na jibu jepesi, na silitoi hapa. Sheria inayofunga ziwa bila kufungua mulango mwingine inamufundisha mutu kuvua kwa kujificha. Vijana wengine tayari wameacha mutumbwi na kwenda kutafuta pesa katika mashimo ya kuchimba. Tunaowapokea katika miji ya migodi tujue ni kitu gani kimewasukuma: sehemu yake ni upepo ulioshindwa kufungua kifuniko.

Kufunga ziwa hakuwezi kupoza maji. Hilo ni kazi ya dunia yote, na zaidi ya wale wenye viwanda na magari mengi. Kalemie haikuwasha moto huo. Lakini yako mambo yaliyo katika mikono yetu. Lumbu wanazalia karibu na pwani, na watoto wao wanakaa pale. Mwenye kukokota chandarua cha mbu katika maji ya kifundo anavua mwaka ujao. Miti ya vilima ikikatwa yote kwa makala, mvua inashusha udongo juu ya mawe ambako samaki wengine wanazalia. Na sisi tunaonunua tuache kutafuta samaki wachanga kabisa kwa sababu ya bei ndogo. Kukausha vizuri, juu ya vitanda vya waya kuliko muchanga, ni njia nyingine: samaki asiyeoza ni kama samaki aliyevuliwa mara mbili.

Siku ya kuondoka nilimwaga muzee wa wavu na kumwelezea yote: kifuniko, ghala, upepo, wapishi wadogo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akachota maji ya ziwa kwa mukono, akayatazama katika jua.

"Basi," akasema, "hapa ndani kuko watumishi milioni, na sisi hatukuwasalimu hata siku moja."

Akayarudisha ziwani polepole, akaendelea kushona.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA NYUMBANI NA KATIKA KIKUNDI CHA VIJANA

1. Kwa nini maji ya bluu na safi yanaweza kuwa "shamba lenye njaa"?

2. Joto linafanya mikrobi kuwa hodari. Kwa nini, hata hivyo, ziwa linalopata joto linatoa samaki wachache?

3. Kama uvuvi unafungwa miezi 3, jamaa, kanisa na serikali wangefanya nini ili nyumba za wavuvi zisilale njaa? Andikeni mambo mawili mnayoweza kuanza ninyi wenyewe.